Aliyefagia Boma la Magunga

Likizo ya Agosti ilipoanza mwaka ule, binti yangu alirudi kutoka shule ya bweni, akaweka sanduku lake sebuleni, na hata kabla hajavua viatu akaniuliza swali lililonikaa kifuani wiki nzima.

"Mama, kwani sisi tunakutana tu kukiwa na matanga?"

Alikuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wake wa kiume alikuwa na kumi na minne, naye alisoma bweni, shule nyingine. Mume wangu alishinda kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti na madirisha, upande wa pili wa mji wa Migori. Mimi nilishinda dukani, nikiuza sare za shule. Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Voi, nikalelewa kwa Kiswahili, nikafuata mume nchi ya ziwa, na Kidholuo changu mpaka leo ni cha sokoni: najua bei, salamu na matusi mawili. Nilipojaribu kukumbuka mara ya mwisho sisi wanne tulipolala mahali pamoja ambapo si nyumbani, kweli nilikumbuka mazishi.

Basi Jumapili ile baada ya misa tukakaa mezani kuchagua tutakwenda wapi. Niliweka sharti moja: kila mtu ataje anapotaka, na atafute mwenyewe itagharimu kiasi gani. Pesa zilikuwa chache, na muhula wa tatu ulikuwa unatukodolea macho.

Binti alitaka Mombasa. Wenzake wawili walikuwa wamekwenda, akaona picha zao. Alichukua kalamu na karatasi, akaandika gari la kwenda Nairobi, treni, mahali pa kulala, chakula cha watu wanne, akajumlisha, akajumlisha tena, kisha akakunja ile karatasi pole pole bila kuambiwa neno. Mwanangu alitaka Nairobi, kwa binamu zake, lakini alipopiga simu akaambiwa binamu zake wanakwenda kwa bibi yao mashambani. Mimi nilitamani Takawiri. Nilikuwa nimeona picha za mchanga mweupe wa kile kisiwa na minazi yake, nikajiambia nitakwenda kujidanganya niko karibu na kwetu. Nikampigia mama mmoja mwenye vyumba huko. Alinitajia bei ya kichwa kimoja. Nikamshukuru, nikamtakia kazi njema.

"Kuna rafiki yangu kule Ogwedhi," mume wangu akasema. "Tunaweza kwenda kuona mnada wa ng'ombe."

"Baba, ng'ombe tunawaona kila siku barabarani," mwanangu akamjibu.

 Mume wangu alikuwa akigeuzageuza simu yake mezani, uso juu, uso chini. Hatimaye akasema, bila kumtazama yeyote:

"Kuna nyumba ya mama."

Mama mkwe wangu alizikwa Magunga, kwenye boma lake, ng'ambo ya mbuga ya Ruma. Ilikuwa imepita miaka sita. Tangu siku ile tulipoondoka na viti vya kukodi nyuma ya lori, mume wangu hakuwahi kukanyaga tena kule. Nilikuwa sijawahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu nilidhani najua, na nilichodhani kilinigusa mimi pia.

"Hatutalipa kulala," akaongeza. "Na Ruma iko hapo. Twiga wapo."

Kwa ajili ya twiga, watoto wakakubali.

Tuliazima gari la rafiki yake, pikapu nyeupe yenye viti vya nyuma, tukapakia magodoro, mitungi ya maji, unga, omena, wale dagaa wa ziwani, jiko, panga mbili na jembe. Tulikuwa na hakika tutakuta msitu. Boma lisilo na mtu miaka sita, kwa mvua za huko, nyasi zinafika kifuani. Mume wangu alituambia siku ya kwanza yote itakuwa ya kufyeka.

Tulipitia Sori, tukafika Magunga saa tisa alasiri, tukapita kituo cha maduka mpaka barabara ikawa njia ya ng'ombe. Pande zote mbili za njia, vichakani, kulikuwa na vile vitambaa vya buluu na nyeusi vinavyotundikwa kunasa mbung'o, yule nzi mkubwa anayeleta malale. Vilikuwa vingi, kila hatua kadhaa kimoja. Vinatundikwa kwenye kijiti kwa urefu wa mtu, na upepo ukipita vinageuka. Ukiwa mgeni, kila mara unadhani ni mtu aliyesimama kukutazama, na kila mara si mtu. Mwanangu alihesabu mpaka ishirini, halafu akapandisha kioo.

Tukaingia kati ya zile nguzo mbili za lango. Mume wangu akasimamisha gari, hakuzima injini.

Boma lilikuwa limefagiwa. Kutoka langoni hadi mlangoni kwa mama hapakuwa na jani moja. Ardhi nyekundu ilikuwa na mistari ya ufagio, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki, safu kwa safu, na juu ya mistari hiyo hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa kuku. Kaburi la mama, kando ya nyumba, nalo lilikuwa safi, limezungushiwa mawe meupe ambayo hatukuyaweka sisi.

"Umemlipa mtu?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

Kufuli ya nyumba ya mama ilikuwa imeshika kutu. Ilibidi aipige na jiwe ndipo ufunguo ukazunguka. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu juu ya kila kitu, na utando wa buibui kutoka kiti hadi kiti. Hakuna aliyeingia mle tangu tulipofunga. Nilisimama pale kizingitini nikageuza kichwa: ndani, miaka sita. Nje, asubuhi hii hii.

Panga zetu hatukuzishusha garini.

Jioni alipita mzee mmoja akirudisha mbuzi wake, na mume wangu akamfuata njiani kumuuliza. Walisalimiana, wakazungumza Kidholuo. Aliporudi alisema yule mzee hajui.

"Hajui vipi, na yuko hapa kila siku?"

"Anasema wao hawaingii humu. Wanaona tu pamefagiwa."

Kwa desturi za Wajaluo, mwana na mkewe hawalali katika nyumba ya mama yake, hata kama amekufa. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulilala kwenye kile kijumba cha mabati alichokijenga haraka haraka kabla ya mazishi, na watoto, kwa kuwa wajukuu wanaruhusiwa, tukawatandikia katika nyumba ya Dani, ndivyo walivyomwita bibi yao. Binti alifurahi. Alikuta sanduku la bati la bibi yake, ndani yake leso zilizokunjwa, akajifunika moja. Mwanangu hakufurahi, lakini alikuwa katika umri wa kutotaka kusema.

Asubuhi alinigongea mlango kabla jua halijatoka vizuri.

"Mama, nani alikuwa anafagia?"

Nikatoka. Uwanja ulikuwa umefagiwa upya. Nyayo zetu zote za jana, tulivyozunguka tukishusha vitu, hazikuwepo. Alama za magurudumu hazikuwepo. Mistari ya ufagio ilizunguka matairi yote manne na kupita, na gari letu lilikuwa katikati ya boma kana kwamba limeshushwa kutoka juu. Nilitembea hadi langoni nikitafuta mahali tulipoingilia. Hapakuwa na dalili kwamba tumewahi kuingia.

"Nilisikia," mwanangu alisema nyuma yangu. "Fwaa, fwaa. Pole pole. Nikadhani ni wewe."

"Hukuchungulia?"

"Mama, kuchungulia wapi?"

Binti yangu hakusikia kitu, alilala fofofo. Mume wangu alitoka na kikombe cha chai mkononi, akatazama chini, akatazama kaburi, akarudi ndani. Siku nzima hakutaja jambo hilo. Alipanda juu ya paa la mabati akapigilia misumari ambayo haikuhitaji kupigiliwa, na niliposikia nyundo imenyamaza nikatazama juu, nikamkuta ameketi anaangalia kule bondeni, ambako nyasi za mbuga zinaanza.

Asubuhi ya pili ilikuwa vile vile, ila kulikuwa na kitu zaidi. Chungu cha mama, ambacho binti yangu alikuwa amekitoa ndani akakiosha na kukifudikiza ukutani kikauke, kilikuwa kimewekwa wima kando ya mlango. Kilikuwa na maji. Maji safi, baridi, na juu yake jani la mti likielea, kama wanavyofanya wanawake wa huku maji yasimwagike njiani.

"Hii ni noma," mwanangu alisema. "Mimi silali tena humo. Nitalala kwa gari."

"Ni maji tu," dada yake akamwambia, lakini alikuwa amejikunyata ndani ya ile leso.

"Kunywa basi."

Hakunywa. Hakuna aliyeyanywa, na hakuna aliyethubutu kuyamwaga.

Mchana ule nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba, nikamwambia kama anajua kitu aseme, au tufunge mizigo. Alikaa chini, akaegemea ukuta.

"Mama aliugua kuanzia Novemba," alisema.

"Najua."

"Alikuwa akinipigia simu. Alikuwa anasema, njoo hata siku moja. Mimi nikamwambia Krismasi. Halafu nikamwambia tukimaliza kufungua shule."

Maneno ya kufungua shule yalikuwa yangu. Januari ndiyo mwezi wangu wa sare. Wazazi wanajaa dukani mpaka barazani, na mwaka ule fundi wangu wa kushona alikuwa amenikimbia. Nilimwambia mume wangu, ngoja tu wiki mbili, nisaidie, mama yako ana nguvu. Kwenye wiki ya pili walipiga simu, na sauti haikuwa ya mama.

"Sikuwahi kuuliza ni nani alikuwa anamwosha," aliendelea. "Miezi mitatu alikuwa kitandani. Kuna mtu alikuwa anampa maji. Tulifika hapa tukakuta ameshavalishwa, mimi nikashukuru kanisa, nikaondoka. Sikuuliza."

"Labda ni hao wa kanisa wanaofagia."

"Wa kanisa hawaji gizani."

Hakuwa mtu wa kuamini vitu, mume wangu. Alikuwa mtu wa kupima chuma kwa futi. Lakini aliinuka, akaenda tena kukitazama kile chungu cha maji.

Usiku ule mwanangu alilala garini, amefunga milango yote. Binti yangu alisema yeye atabaki kwa bibi yake, na akabaki. Sikujua kwamba alikuwa ametega saa ya simu.

Niliamshwa na ule mkwaruzo. Fwaa. Halafu kimya, mtu anavuta pumzi. Fwaa. Kulikuwa kumepambazuka kidogo tu, ukungu wa bondeni umepanda hadi kwenye nguzo za lango. Niliweka jicho kwenye ufa wa mabati. Kwanza niliona mgongo. Mtu mdogo, amejikunja kama kulabu, anafagia akirudi nyuma, kutoka mlangoni kwa mama kuelekea langoni, na kila alipokanyaga, ufagio ulipita papo hapo ukafuta. Ndiyo maana hatukuwahi kuona unyayo. Akifika langoni angeingia kwenye nyasi na hakuna ambaye angejua alipita.

Nilijiambia ni mtu. Mwili haukukubali. Nilishindwa hata kumgusa mume wangu aliyelala kando.

Kisha mlango wa nyumba ya mama ukafunguka, akatoka binti yangu. Alikuwa amejifunga leso ya bibi yake kifuani na nyingine kichwani kwa sababu ya baridi. Alisimama kizingitini. 

Yule mtu alinyanyua uso. Alikuwa bikizee, mzee sana, jicho moja limeingia wingu jeupe. Alimtazama binti yangu kwa muda mrefu. Ufagio ukamwanguka.

"Nyieka," akaita. "Iseduogo?"

Kidholuo changu cha sokoni kilitosha hapo. *Mke mwenzangu. Umerudi?*

Mume wangu alikuwa ameamka. Niliisikia pumzi yake sikioni, naye amepata ufa wake.

Bikizee alimsogelea binti yangu, mikono mbele, kama anayepita chumba chenye giza. Alikuwa akisema haraka, na mengi sikuyashika. Mume wangu alinitafsiria kwa kunong'ona, nadhani bila kujua kwamba anafanya hivyo.

"Anasema, nimefagia. Anasema, kila siku nimefagia, hata nikiumwa. Anasema... usinifokee tena. Anasema, umepona? Mbona umekuwa kijana hivi?"

Binti yangu alitazama upande wetu. Hakutuona, aliona mabati tu. Alikuwa na uso wa mtoto aliyeitwa ubaoni. Bikizee alikuwa ameshamshika mikono yote miwili na anamngoja, na nikaona binti yangu anatafuta neno kati ya yale machache aliyonayo ya lugha ya baba yake.

"Ero kamano, Dani," akasema. *Asante, bibi.*

Bikizee akacheka. Halafu akaketi chini pale pale kwenye mistari yake, akalia kwa sauti ndogo, na binti yangu akaketi naye kwa sababu mikono yake ilikuwa bado imeshikwa.

"Ni mama mdogo," mume wangu alisema. "Mungu wangu. Ni mama mdogo."

Nilikuwa nimesikia habari zake mara moja tu. Baba mkwe alikuwa na wake wawili. Alipokufa, kabla mimi sijaolewa, nyumba mbili hizo ziligombana juu ya mahali pa kumzika, wakatukanana mbele ya jeneza. Mke mdogo alihamisha watoto wake ng'ambo ya kijito kilicho chini ya boma, na tangu hapo mtu wa nyumba hii hakumsalimu mtu wa nyumba ile. Kwenye mazishi ya mama mkwe wangu hakutajwa. Mume wangu alidhani alishakufa.

Alitoka akiwa kifua wazi, akapiga magoti mbele yake.

"Mama. Ni mimi."

Bikizee alimkagua kwa lile jicho zima. Alimgusa ndevu, akaurudisha mkono.

"Sikujui," alimwambia. "Mtoto wa huyu mke mwenzangu yuko Migori. Ana kazi nyingi."

Mume wangu alibaki amepiga magoti. "Ndiyo," alijibu. "Ana kazi nyingi."

Jua lilipotoka akaja mama mmoja mbio, leso imemlegea, anaita. Alikuwa mke wa mtoto wa bikizee, yaani shemeji yangu ambaye sikuwahi kumwona. Mimi nami nilikuwa nimeshatoka; alipotuona tumekaa chini alisimama langoni, akasita, mpaka mume wangu alipomwita kwa heshima aingie. Mimi akanisemesha Kiswahili.

"Mnisamehe. Huwa anatutoroka alfajiri. Tulikuwa tunafunga mlango, anapiga kelele mpaka majirani wanaamka, tukaona tumwache. Anafagia, anarudi mwenyewe. Ametusahau sisi sote, hata mimi ananiita kwa jina la dada yake. Njia ya huku tu ndiyo hajaisahau."

"Miaka yote hii?"

"Tangu mama yenu apumzike. Si yeye ndiye alikuwa anamuuguza?" Alitutazama mmoja mmoja. "Sisi tulidhani mnajua."

Akatueleza, huku mkwewe akisinzia begani kwa binti yangu. Mama mkwe wangu alipolala kitandani, yule mke mwenza waliyekuwa hawasemezani alivuka kijito na mtungi wa maji kichwani. Hakuna aliyemtuma. Siku ya kwanza mama alimfukuza. Siku ya pili alimfukuza pia, lakini akanywa maji. Kuanzia ya tatu hawakuachana tena mpaka mwisho. Na kabla ya mwisho mama alimwambia jambo moja: boma langu lisiote majani, mwanangu akija asidhani hapakuwa na mtu.

"Juzi," shemeji alisema, akacheka kidogo kwa aibu, "alirudi akatuambia kuna ng'ombe mkubwa mweupe amelala katikati ya boma na hataki kuamka. Tukasema, sasa basi, akili imekwisha kabisa."

Mwanangu alikuwa ametoa kichwa kwenye dirisha la gari jeupe. Hata yeye alicheka. Lakini mimi nilikitazama kile chungu cha maji kando ya mlango. Kutoka kijitoni hadi pale ni mwinuko wa mawe, na yule mama hakuwa na uzito wa gunia la unga. Nilimuuliza shemeji ni nani anayembebea maji. Alishangaa. Alisema hajawahi kumwona akitoka na mtungi. Mitungi yote iko nyumbani, na shemeji mwenyewe huifungia jikoni. Tulitazamana. Sikumwuliza tena.

Siku mbili zilizobaki tulizipitisha ng'ambo ya kijito. Mume wangu alipigilia mlango wao na kutengeneza kitanda cha mama mdogo, na alasiri alikaa naye kwenye mkeka amemwacha amwambie anavyotaka: kwamba ni mchungaji, kwamba ni mtu wa serikali aliyekuja kuandika watu, kwamba ni marehemu mumewe. Kila alichoitwa aliitikia. Sisi wengine tulikula samaki, na watoto wakajifunza kucheza ajua, bao la huku, na binamu zao wapya, wanachimba mashimo ardhini na kugombania mbegu. Nadhani hiyo ndiyo likizo binti yangu aliyokuwa akiitaka, japo hakuna hata mmoja wetu ambaye angeichagua.

Siku ya mwisho tuliwapeleka watoto kuona twiga, na mume wangu akasema mama mdogo naye aende. Shemeji alisita. Alisema mkwewe ameishi kando ya ule uzio wa mbuga maisha yake yote na hajawahi kuingia.

"Ndiyo maana," mume wangu akamjibu.

Tulimweka mbele, tukamfunga mkanda. Askari wa mbuga langoni alikuwa kijana mpole, alituambia tusishuke garini kwa sababu ya nyati, akamsalimia bikizee kwa mikono miwili. Tulizunguka karibu saa nzima katika nyasi ndefu za rangi ya simba. Tuliona twiga kumi na zaidi. Tuliona swala korongo, wale wenye nyuso nyeusi na nyeupe kama wamevaa barakoa, wamesimama mbali, hawakimbii, wanatutazama tu. Nzi walipiga vioo. Bikizee hakutazama mnyama hata mmoja. Alikuwa anatazama miti.

Kisha akaweka mkono kwenye usukani. Mume wangu akasimamisha gari.

Kulikuwa na duara la minyaa, ile miti yenye utomvu mweupe ambayo watu wa huku huipanda kuzungushia maboma. Ilikuwa imekua mirefu kuliko nyumba, imekauka chini na kijani juu, lakini duara lilikuwa kamili, na upande wa ziwa lilikuwa na pengo, upana wa lango. Ndani yake hapakuwa na kitu, ni nyasi. Zilikuwa fupi kuliko za nje.

"Hapa ni kwao," mume wangu alisema kwa sauti ya chini. Watoto hawakujua, ikabidi awaeleze. Zamani, kabla ya mbuga, bonde lile lilikuwa na watu. Malale iliwamaliza baadhi, waliobaki wakahama au wakahamishwa, na mama mdogo alikuwa kitoto mgongoni mwa mama yake. Nyumba zilianguka. Minyaa haifi.

Bikizee alitaka kushuka. Mume wangu alimshika bega akamwambia kuna nyati. Hakubishana. Alishusha kioo, mbung'o wawili wakaingia na hakuna aliyewapiga, akatoa uso nje.

Akabisha hodi, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, nyembamba, ya msichana mdogo. Akangoja. Upepo ulikuwa umetulia, na nyasi za nje hazikutikisika. Za ndani zilikuwa zinatikisika kidogo, zikilala upande mmoja. Akaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu anayeambiwa jambo na kulielewa. Halafu akatugeukia.

"Wanakula," alituambia. "Tusiwasumbue."

Mume wangu aliwasha gari. Binti yangu, aliyekaa nyuma ya bikizee, alimwinamia akamuuliza kwa Kidholuo chake cha kuokoteza, wako wangapi.  Bikizee alinyanyua mikono yake, akaitandaza juu ya mapaja, akaanza kukunja vidole kimoja kimoja, midomo ikicheza bila sauti. Akamaliza vya mkono huu, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza. Tulipita twiga wote tena, tukafika langoni, askari akatupungia mkono, naye alikuwa bado anahesabu.